Lenzi ipi kwa picha ya sura?

Ndugu msikilizaji, na wewe utakayeyasoma haya gazetini baadaye, leo naomba tuzungumzie kioo. Si kile cha kuchania nywele asubuhi, bali kile kilichokaa mbele ya kamera, ambacho wapiga picha wanakiita lenzi. Najua wapo watakaosema kwamba mtangazaji ameishiwa. Kahawa ina mambo yake, migomba ina mnyauko, barabara za vijijini zina makorongo, naye anatuletea habari za kamera! Naomba subira. Mwisho wa yote ni fedha ya kahawa hiyo hiyo tunayoizungumzia.

Kijana mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, ameniandikia barua. Kazi yake ni kupiga picha: ubatizo, kipaimara, sendofu, harusi, misiba, na siku zisizo na shughuli anapiga pasipoti za wanafunzi. Ana kamera ya Nikon D3200 aliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na ile lenzi yake ya kuzaliwa nayo, ya milimita 18 hadi 55. Msimu huu ameuza kahawa ya kibanja alichoachiwa na marehemu baba yake, na baada ya kulipa ada ya wadogo zake amebakiwa na kiasi cha fedha. Anataka kukiingiza kwenye kazi. Muuzaji mmoja amemshauri atupe kamera yote anunue mpya. Mwingine amemwonyesha lenzi ndefu kama mkonga wa tembo, ya milimita 70 hadi 300, akamwambia kwamba kwenye harusi watu wakiiona hiyo hawatauliza bei. Kijana anauliza: “Mimi wateja wangu wengi ni wazee wanaotaka picha ya sura, ya kuweka ukutani. Ninunue nini?”

Ni swali la mtu mzima. Fedha hiyo akiitumia vibaya haitarudi mpaka kahawa nyingine iive, na wadogo zake wataanza muhula mwingine kabla ya hapo.

Kabla sijamjibu, nataka tukubaliane kwanza kwamba picha ya sura si pambo. Katika kazi hii ya utangazaji nimeingia nyumba nyingi, kuanzia Kashai na Hamugembe hapa mjini Bukoba mpaka Nshamba na Rubya kule Muleba. Ukishakaribishwa sebuleni na kupewa kiti, kabla hata kahawa ya kutafuna haijaletwa kwenye kisonzo, macho yanakwenda ukutani. Kuna kalenda, kuna picha ya harusi, na kuna picha ya mtu mmoja peke yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa mkoani kwetu hapa, mwaka 1983, na miaka iliyofuata mnaikumbuka. Wengi waliolelewa na bibi zao wakati ule sasa ni watu wazima wenye watoto. Nimeonyeshwa na mmoja wao sura ya mama yake: ni pasipoti moja, imekatwa kwenye kitambulisho, ikakuzwa mpaka ukubwa wa sinia. Macho yamekuwa mabaka mawili meusi. Yeye anaiangalia kila siku, kwa sababu hana nyingine.

Na siku hizi, ambapo kila mtu ana simu yenye kamera, ungedhani tatizo hilo limekwisha. Nenda msibani uone. Mzee amefariki, watoto wanahangaika kutafuta picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Inatafutwa kwenye simu za wajukuu, inapatikana moja aliyopigwa akiwa amekaa kwenye mkeka na watu sita, anakatwa pale, anakuzwa, anapelekwa kusafishwa. Au inapatikana ile aliyopigwa na mjukuu kwa karibu kabisa, simu ikiwa hatua moja toka puani. Pua imekuwa kubwa kama ya mtu mwingine, paji la uso limetokeza, masikio yametoweka. Waombolezaji wanasogea, wanaangalia, wananong'ona, “Mbona hafanani?”

Kwa nini hafanani? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ningependa tulifanyie jaribio. Ikiwa umekaa na mtu hapo ulipo, mwombe radhi kwanza, halafu fumba jicho moja, sogeza uso wako karibu na uso wake kiasi cha rula moja ya shule, yaani sentimita 30. Mwangalie. Utaona pua na mashavu, lakini masikio yanajificha nyuma ya mashavu. Sasa rudi nyuma hatua mbili ndefu, jicho lako likiwa limefumbwa vile vile. Masikio yametokea, na pua imerudi mahali pake. Mwenzako hajabadilika. Kilichobadilika ni mahali uliposimama wewe.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukulia kwamba kutoka ncha ya pua hadi sikioni ni sentimita 12. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka puani, sikio liko sentimita 42. Kwa hiyo pua inaonekana kubwa kwa asilimia 40 kuliko inavyostahili ukiilinganisha na sikio. Kamera ikirudi nyuma mpaka mita moja na nusu, pua iko sentimita 150 na sikio 162, na tofauti inashuka mpaka asilimia 8, ambayo jicho limekwisha kuizoea maana hivyo ndivyo tunavyoonana tunapozungumza. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa nyuso huko Marekani walipiga hesabu ya namna hii na kuichapisha, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakija na picha walizojipiga kwa simu, wakitaka pua zao zipunguzwe. Waliona kwamba kwa umbali wa sentimita 30 pua inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Hebu fikiri, mtu anataka kukatwa pua kwa kosa la kamera!

Sasa lenzi inaingiaje? Inaingia hivi. Lenzi pana, kama ile ya simu au kama hiyo ya kijana wetu akiiweka kwenye 18, inaona eneo kubwa. Ili uso ujaze picha, mpiga picha analazimika kusogea karibu, na akisogea karibu anaharibu uso. Lenzi ndefu kidogo inaona eneo dogo, kwa hiyo inamrudisha nyuma mpiga picha, na uso unabaki salama. Lenzi yenyewe haina uchawi wa kumpamba mtu. Kazi yake ni kumpangia mpiga picha mahali pa kusimama.

Wazee wetu wa studio waliyapata hayo bila hesabu. Zile kamera kubwa za miguu mitatu zilikuwa na lenzi ndefu, na mteja alikaa mwisho wa chumba mbele ya pazia lililochorwa. Zikaja zile za kutazamia kwa juu, za Rolleiflex na Yashica, ambazo zilikuwa hazilengi sawasawa kitu kilicho karibu zaidi ya kama mita moja, kwa hiyo hata fundi mwenye pupa hakuweza kumsogelea mtu mpaka puani. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio ya Parekh kule Mombasa, iliyoanza mwaka 1942, ziliacha sura ambazo mpaka leo ukiziangalia unahisi mtu amekaa mbele yako. Na jirani zetu wa Ankole, ng'ambo ya mpaka, walikuwa na Musa Katuramu, mwalimu wa useremala ambaye alipiga picha za watu wa Mbarara na vijiji vyake. Ukiziona nyuso zile, wengine ni kama ndugu zetu wa Kihaya kabisa. Watu wamesimama wima katika mwanga wa mchana, na fundi yuko mbali nao kwa heshima.

Basi kwa mtu anayepiga sura, urefu unaofaa kwa zile kamera kubwa za fulu fremu ni kati ya milimita 85 na 135. Steve McCurry, yule Mmarekani aliyempiga picha binti wa Kiafghanistan mwenye macho ya kijani katika kambi ya wakimbizi Pakistan mwaka 1984, alitumia Nikon yenye lenzi ya milimita 105. Picha ile ilizunguka dunia nzima ikiwa jaladani, lakini jina la binti, Sharbat Gula, halikujulikana mpaka mwaka 2002. Naliingiza hili makusudi kwa ajili ya kijana wangu wa Kamachumu: ukimpiga mtu, uliza jina lake na uliandike nyuma ya picha kwa kalamu, pamoja na kijiji na mwaka. Nimeona masanduku ya picha ambazo hakuna tena wa kuzitambua.

Turudi kwenye milimita. Kamera ya kijana wetu si fulu fremu. Sensa yake, yaani kile kipande kinachopokea picha badala ya filamu, ni ndogo, na udogo huo unafanya kila lenzi ionekane ndefu mara moja na nusu. Lenzi ya 50 kwake inafanya kazi kama 75. Mwenye Canon ndogo azidishe kwa 1.6, atapata 80. Hapo ndipo bahati ya mnyonge ilipo: lenzi ya 50, ambayo ni moja ya lenzi za bei ndogo kuliko zote, kwenye kamera ndogo inageuka kuwa lenzi ya sura. Canon walipoitoa ile yao mpya ya 50 mwaka 2015, bei yake Marekani ilikuwa dola 125. Mkonga wa tembo wa maana, wenye tundu kubwa, unauzwa dola zaidi ya elfu.

Nimesema tundu, na sharti nilieleze maana ndilo linalowachanganya wengi. Ndani ya lenzi kuna tundu linalofunguka na kufumba kama mboni ya jicho la paka. Ukubwa wake unaandikwa kwa herufi f na namba, na kinyume cha matarajio, namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Lenzi ya kijana wetu, akiivuta mpaka 55, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6, yaani upana wa kama milimita 10, shimo la kupitisha penseli. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inafunguka kama milimita 28. Mwanga unaoingia ni zaidi ya mara tisa. Mara tisa, ndugu msikilizaji! Kwa mtu anayepiga picha Masaki kwenye jua la pwani huenda si kitu. Lakini kwetu huku, Bukoba inayopata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, ambako saa nane mchana wingu linaweza kufunga pakawa kama magharibi, na nyumba imezungukwa na migomba mpaka dirishani, mara tisa ndiyo tofauti kati ya sura na kiwingu.

Watu wamelihangaikia tundu hili tangu upigaji picha uanze. Mwaka 1839 upigaji picha ulipotangazwa huko Ufaransa, mtu alikaa juani dakika nyingi bila kutikisika, wengine wakibanwa kichwa kwa chuma. Mwaka 1840 profesa mmoja wa hesabu mjini Vienna, Joseph Petzval, akapanga vioo kwa kukokotoa, akisaidiwa na askari wa mizinga waliozoea hesabu, akapata lenzi yenye tundu la f/3.6. Dakika zikashuka zikawa sekunde. Ilikuwa lenzi ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa sura za watu, na biashara ya studio ikaanzia hapo. Utaona basi kwamba lenzi ya dola 125 ina tundu kubwa kuliko lile la profesa.

Tundu kubwa lina kazi ya pili, ile wanayoipenda vijana: linafifisha vilivyo nyuma. Mzee anakaa mbele ya nyumba, nyuma yake kuna kamba ya nguo, baiskeli, na kuku. Ukifungua tundu, vyote hivyo vinakuwa ukungu laini na mzee anabaki. Lakini hapa pana mtego. Ukiwa umesimama mita moja na nusu na lenzi ya 50 imefunguliwa f/1.8, unene wa sehemu iliyo wazi ni kama sentimita sita tu, upana wa vidole vitatu au vinne. Ukilenga pua, macho yanafifia. Mimi ningemshauri alenge jicho lililo karibu na kamera, kisha afumbe tundu mpaka f/2.8 kwa mtu mmoja. Kwa bibi na babu waliokaa pamoja aende f/4 au f/5.6. Wapo vijana wanaofungua tundu lote kila mara kwa sababu wameilipia. Matokeo yake bibi anaonekana jicho moja, na babu ni kivuli.

Sasa nije kwenye hoja za wauzaji. Huyu wa kwanza anayesema tupa kamera nunua mpya, simwelewi. D3200 ina megapikseli 24. Picha yake inaweza kuchapishwa nchi 20 kwa 13 bila kupoteza kitu, na sijaona fremu kubwa kuliko hiyo ukutani Muleba, labda kwa Askofu. Kamera mpya yenye lenzi ile ile ya penseli itampa sura ile ile.

Wa pili, wa mkonga, ana hoja kidogo. Lenzi ya 70 hadi 300 ukiiweka kwenye 100 na mtu yuko nje, inatoa sura nzuri kweli. Na kuna jambo moja inaloliweza ambalo lenzi fupi haliwezi. Nenda ufukweni hapa mjini jioni. Kwa kuwa sisi tuko magharibi ya Ziwa Viktoria, jua linachomoza ziwani na kuzama nyuma yetu, kwa hiyo jioni linampiga usoni mtu aliyelipa ziwa mgongo. Mpige kwa simu, Kisiwa cha Musira nyuma yake kitakuwa kama kichuguu. Rudi nyuma, mpige kwa lenzi ndefu, yeye akiwa ukubwa ule ule kwenye picha, na Musira inanyanyuka nyuma yake kama mlima. Maharusi wanalipenda jambo hilo. Lakini tundu la lenzi ile ni f/4 hadi f/5.6, giza tupu ukiingia ndani. Isitoshe ukimpiga mzee kwa umbali wa mita sita unalazimika kumpigia kelele ageuze uso, na mzee wa watu mwenye kanzu yake, koti na mkongojo, hapigiwi kelele. Sura nzuri hupatikana mkiwa mnazungumza. Unamwita “waitu”, unamuuliza habari za ng'ombe aliyekuwa naye zamani, uso unafunguka wenyewe. Mita moja na nusu mpaka mbili ni umbali wa mazungumzo.

Na nafasi ya kusimama je? Wengine watauliza kwa nini nisimpeleke kwenye 85, ambayo vitabu vinaisifu. Kwa fulu fremu ningempeleka. Kwa kamera yake, lenzi ya 50 itampata mtu kichwa na mabega akiwa umbali wa mita 1.3 hivi. Ile ya 85 itataka zaidi ya mita mbili, na akitaka mtu mzima toka kichwani mpaka viatuni itataka kama mita nane. Sebule ya mita nne kwa tatu yenye makochi, meza na kabati utarudi wapi nyuma? Utatokea dirishani. Hata hiyo 50 kwa mtu mzima inataka karibu mita tano, kwa hiyo picha za kusimama apige uani. Na zile za ukoo mzima, watu arobaini wamebanana ukumbini siku ya kipaimara, arudishe lenzi yake ya zamani ya 18. Asiiuze.

Kuna jambo ambalo muuzaji hatamwambia asipouliza. Nikon D3200, kama zilivyo ndogo zote za ukoo wake wa D3000 na D5000, haina mota ndani ya kuzungusha lenzi. Lenzi ya 50 ya Nikon ziko za namna mbili sokoni. Ya zamani imeandikwa D baada ya namba, ni ya bei nafuu, lakini kwenye kamera yake haitalenga yenyewe. Itabidi alenge kwa mkono kila picha. Ile iliyotoka mwaka 2011 imeandikwa G, ina mota yake ndani, nayo ndiyo aitafute. Tofauti ni herufi moja tu. Wenye Canon hawana taabu hiyo. Ziko pia za Kichina za Yongnuo, rahisi zaidi, ambazo vijana wengi wameanzia. Zinafanya kazi, ila mimi ningeijaribu kwa picha thelathini kabla ya kutoa fedha nione inalenga jicho mara ngapi.

Na kama nyumbani kuna sanduku lenye Zenit ya Mrusi ya baba au ya mjomba, alifungue. Zenit nyingi zilikuja na lenzi ya Helios ya milimita 58, tundu f/2, ambayo leo vijana wa Ulaya wanaisaka kwa jinsi inavyofifisha nyuma kwa mzunguko. Kwa adapta ndogo inakaa kwenye Canon bila shida. Kwenye Nikon itakataa vitu vya mbali, lakini sura ya mtu wa karibu itaikubali. Atalenga kwa mkono na kupima mwanga kwa kukisia, jambo ambalo linafundisha kuliko semina.

Wasikilizaji wasio na kamera wasidhani nimewasahau. Simu yako, ukiitaka ikupe sura ya mama, usimsogelee. Simama hatua mbili kamili kutoka kwake. Kama simu ina kitufe cha mara mbili, kibonyeze. Kama haina, piga hivyo hivyo uje ukate pembeni baadaye. Mkalishe mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, akiangalia nje. Mlango wetu ndio studio bora iliyopo, mwanga unaingia kwa upande mmoja na haumchomi macho. Usimpige chini ya migomba mchana, kwani majani yanamwaga mwanga wa kijani usoni na rangi ya ngozi inakuwa ya mtu mgonjwa. Ule mtindo wa simu wa kufifisha nyuma unatumia kukisia, mara nyingi unakula ukingo wa mtandio au kofia, kwa hiyo angalia kabla hujamruhusu mama ainuke. Halafu ukaisafishe, iwe karatasi. Simu zinaibwa, simu zinatumbukia chooni.

Namalizia na fangasi. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye begi la ngozi huota utando mweupe kama mizizi ya nyasi. Ukikomaa unakula rangi maalumu ya kioo na hakuna fundi wa kuurudisha. Kwa hiyo kijana akishanunua, asiiweke lenzi begini. Aiweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na mara moja kwa wiki aitoe ipate mwanga. Mchele wanaoupendekeza wengine una vumbi, auache jikoni.

Na kama atanunua iliyotumika, iwe Bukoba au Mwanza, aende na tochi. Avue vifuniko vyote viwili, afungue tundu lote, amulike kwa nyuma na kuangalia kwa mbele. Vumbi kidogo halidhuru. Mkwaruzo mdogo mbele haudhuru sana. Akiona mizizi, airudishe mezani. Kisha aangalie vile visu vyembamba vya tundu, viwe vikavu, visiwe na mafuta. Aifunge kwenye kamera yake mwenyewe, amwombe muuzaji akae mlangoni pa duka, ampige sura tatu, f/1.8, f/2.8 na f/4, akuze jicho kwenye kioo cha nyuma mpaka aone kope moja moja. Muuzaji akisema duka lake halina utaratibu wa kuwasha tochi wala kukaa mlangoni, fedha ibaki mfukoni, basi za kurudi Muleba zipo mpaka jioni.